Ng'ombe Alipata Sakafu Kwanza

Baba yangu hakuja kwenye harusi yangu. Alikuwa mwalimu wa kanisa la Anglikana kule Chiwanda, kando ya ziwa, mtu aliyesimama mbele ya waumini kila Jumapili tangu sijazaliwa, na mimi niliolewa na Mmatengo wa mlimani, Mkatoliki, nikapokelewa katika kanisa la mume wangu. Baba hakugomba. Aliwatuma mama na shangazi, pamoja na gunia la usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, yeye akabaki ziwani akisema ana ibada ya kuongoza. Tangu hapo tulionana nilipoteremka mimi kwenda kuwasalimu. Yeye hakupanda.

Kwa hiyo habari zilipofika kwamba anakuja kuona mji wetu mpya, nyumba na shamba, kule Mpepai, nilikaa kwenye kigogo cha jikoni nikalia kwa furaha.

Mji wenyewe tulikuwa tumeununua baada ya mume wangu kupunguzwa kazi. Alikuwa mpimaji wa kahawa kwenye ghala la ushirika pale Mbinga mjini. Lilipokuja soko huria, wanunuzi binafsi walianza kupita vijijini na magari yao na mizani zao, ghala likabaki na popo, na waliokuwa wakilipwa kwa kupima wakaambiwa warudi nyumbani. Kiinua mgongo chake tulikipeleka chote kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia Songea kwa watoto wake. Akatuachia nyumba ya matofali ya kuchoma, mibuni mizee iliyojikunja kama vidole vya bibi, kichaka kikubwa cha migomba nyuma ya nyumba, shamba la ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni yanayopangwa kama sega la nyuki, na chemchemi juu kabisa, chini ya mikaratusi.

Mume wangu alikuwa amekaa miezi mingi bila kuongea sawasawa. Siku tulipohamia alipasuka kwa maneno. Alinishika mkono akanizungusha mji mzima.

"Hapa banda la ng'ombe wa maziwa," alisema. "Pale juu tunaweka majani ya tembo ya kumlisha. Maji tunayashusha kwa bomba kutoka kwenye chemchemi, yanaingia bandani yenyewe, hakuna kubeba ndoo. Mibuni hii tunaikata visiki ichipue upya. Pembeni tunapanda migrevilia ya kivuli na miparachichi."

"Na choo?" niliuliza.

"Choo si kipo?"

Kilikuwepo, cha yule mzee, cha kuta za udongo. Mvua za kwanza zilipokolea kilizama taratibu, kama mtu anayekaa kitini, na asubuhi tukakuta paa la nyasi limelala juu ya ardhi.

Wakati huohuo mume wangu alikuwa ameandikishwa kwenye mradi uliokuwa ukigawa mitamba wa maziwa, majike ambao hawajazaa, kwa wakulima. Masharti yalikuwa magumu. Banda liwe na paa la bati na sakafu ya saruji, maji yawe karibu, majani yawe yameota. Mtamba akifika akakuta hujawa tayari, anapelekwa kwa mwingine, na wewe unarudi mwisho wa foleni. Zamani saruji ilikuwa ya kuombewa kibali, unaweza kuzeeka ukiisubiri. Sasa ilikuwa imejaa kwenye maduka ya Mbinga, ilimradi una fedha tu, na fedha yetu ilikuwa inaishia.

"Tubakize kidogo kwa ajili ya choo," nilimwambia siku mifuko ilipoletwa kwa punda.

"Ng'ombe hatatusubiri," alinijibu. "Sisi tutamsubiri yeye. Akianza kutoa maziwa tutajenga choo cha kigae ukitaka. Migomba si ipo kwa sasa?"

Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kupiga mluzi tena asubuhi akinoa panga, na mimi niliuogopa ule ukimya wake wa nyuma kuliko nilivyoogopa kujificha migombani. Basi tukatumia migomba. Kisha ikaonekana eneo la majani ya tembo halitoshi, na mahali penye rutuba kuliko pote palikuwa pale migombani. Akaifyeka. Wiki hiyohiyo akaikata mibuni visiki, kila mmoja ukafika usawa wa goti. Migrevilia aliyopanda ilikuwa bado kama vijiti vya kupigia mswaki.

Ukiwa umefika Umatengo unajua jinsi milima yetu inavyotazamana. Mtu akikohoa upande huu, wa upande ule anajua nani. Mji wetu ukawa wazi kama kiganja, na barabara ya kwenda kanisani inapita chini yake. Sisi tukawa tunakwenda kwa jirani, mama mmoja ng'ambo ya kijito, kabla hakujapambazuka na baada ya giza kuingia. Alitukubalia kwa moyo mweupe. Hata hivyo nilikuwa nikipita uani kwake nimeinamisha kichwa kama mwizi.

Hapo ndipo baba alipokuja.

Nilimwona kwa mbali siku ya Ijumaa, alasiri, anapanda njia polepole amevaa koti lake la kanisani, sanduku mkononi na kifurushi cha samaki, mbasa mkavu wa ziwani, begani. Alikuwa amepanda lori kutoka Mbamba Bay, akashukia Mbinga, akatembea sehemu iliyobaki. Nilikimbia kumpokea, mtoto mgongoni, nikicheka peke yangu. Nilikuwa katikati ya njia nilipokumbuka. Miguu ilipungua mwendo yenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona mmekwenda kuishi karibu na mawingu?"

Alimchukua mtoto, akambusu utosini, akamwita kwa jina la ukoo wetu. Nilijua hapo kwamba yale ya harusi ameyaweka chini.

Mume wangu alimpokea kwa heshima zote, akisimama mbali kidogo kama inavyompasa mtu mbele ya baba mkwe. Kisha akampeleka kuona banda. Baba aliingia, akapiga sakafu kwa kisigino cha kiatu, akasikiliza ule mlio mgumu.

"Hii ni saruji?"

"Ndiyo, baba."

"Kanisa letu bado lina sakafu ya udongo," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alishangaa tu, kama mtu aliyeona kitu kizuri. Lakini mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni niliona sikio la mume wangu linabadilika rangi.

Tulikuwa tumemwandalia chumba cha stoo, kitanda na shuka safi, na bafu la nyasi na ndoo ya maji ya moto. Kilichobaki ni kumwambia yule mgeni aende wapi akiwa na haja. Na hapo sasa, nani amwambie? Kwetu binti hazungumzi na baba yake jambo hilo. Mkwe ndiyo kabisa, hata neno lenyewe halitamki mbele yake. Watu humtuma mjukuu amshike babu mkono ampeleke, na mjukuu wake alikuwa bado ananyonya.

"Mwambie wewe," nilimnong'oneza mume wangu jikoni.

"Mimi? Nimwambie mkwe wangu kwamba nini?"

"Basi tumpeleke kwa jirani."

"Umpitishe uani kwa watu, mwalimu wa kanisa, wote wakijua anakwenda kufanya nini?"

Tukatazamana, kisha kila mmoja akatafuta kazi ya kufanya. Nadhani tulitumaini kwamba jambo hilo litajimaliza lenyewe, kwa namna ambayo hata sasa siwezi kuieleza.

Nilimchinjia kuku. Nilipika ugali wa mahindi mapya na maharage, nikampelekea kwenye meza ndogo. Alikula matonge machache, akaonja mchuzi, akasema ameshiba. Jumamosi asubuhi niliweka viazi na chai ya maziwa ya kuazima. Akanywa chai nusu kikombe. Mchana hivyohivyo. Maji aliyanywa kwa kulowesha midomo tu. Nilikuwa nikitoa vyombo vimejaa kama nilivyovipeleka, na mume wangu akiviangalia vinavyopita.

"Baba yako ananidharau," alisema hatimaye. "Chakula cha mlimani hakimfai."

Nami nikaanza kukasirika. Nilidhani ni yale ya harusi, kumbe hajayaweka chini, amekuja kutuonyesha kwamba mikono ya Wakatoliki haimlishi. Jioni nilimkuta amekaa kwenye kiti nje, amejikunyata ndani ya koti, anaangalia mteremko ule uliofyekwa.

"Baba, bado hujanisamehe?"

Alishtuka kweli. "Nikusamehe nini, mama?"

"Huli chakula changu."

Akatabasamu, akashusha macho kwenye viatu vyake. "Tumbo la mtu wa ziwani lina adabu zake likiwa ugenini," alisema. "Usinijali. Chakula chako ni kizuri sana."

Niliondoka na hasira zangu nusu. Mtu mzima, mama wa mtoto, niliyekuwa nikienda mwenyewe ng'ambo ya kijito gizani, sikuelewa.

Jumapili kulikuwa na ukungu mwepesi. Nilikuwa jikoni nawasha moto nilipomwona baba anatoka na jembe begani, akasema anakwenda kunyoosha miguu na kuona shamba. Alielekea upande wa mibuni. Mume wangu alikuwa bandani. Sijui ilipita muda gani, si mrefu, nikasikia kutoka barabarani sauti za akina mama wanaowahi misa ya kwanza. Walikuwa wanacheka jambo lao. Ukungu ulikuwa unapanda. Halafu mmoja, kwa ile sauti ya kuimba tunayotumia kusalimia watu wazima, akaita:

"Shikamoo, baba!"

Na wenzake wakafuata kama kwaya, "Shikamoo, baba!"

Kukawa kimya. Kilikuwa kimya kirefu mno kwa salamu. Kisha nikasikia sauti ya baba yangu, ile anayotumia kanisani, pana na iliyotulia, inajibu:

"Marahaba."

Nilichungulia mlangoni. Niliona kofia yake juu ya visiki vya kahawa, chini, mahali ambapo kofia ya mtu aliyesimama haiwezi kuwa. Niliona akina mama na vitenge vyao vya Jumapili wanakwenda mbio, nyuso zote wamezigeuzia upande wa pili, hakuna anayecheka. Nikarudi ndani. Nikakaa chini kwenye majivu. Yale matonge machache, yale maji ya kulowesha midomo, vyote vilinijia kwa pamoja. Alikuwa anajizuia tangu Ijumaa. Mtu aliyejua kwamba hakuna mahali pa kwenda alikuwa amefunga ili asituaibishe, na sisi tukamnunia.

Aliporudi alinawa, akavaa koti, akafunga sanduku. Mume wangu hakuwa amesikia chochote. Alishangaa.

"Baba, leo Jumapili, hakuna gari."

"Nitatembea hadi Mbinga. Nina watu wa kanisa pale watanilaza. Kesho ziwani wananihitaji."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Alitangulia, nikamfuata, mtoto mgongoni, sanduku kichwani kwangu. Tulipofika njia panda alipokea sanduku, akaweka mkono wake kichwani kwa mtoto, kisha, baada ya kusita, kichwani kwangu. Akaondoka. Nilimwangalia mpaka njia ilipokata kona. Alikuwa anatembea kwa haraka, na hakugeuka.

Mume wangu alipata habari kwa wanaume baada ya misa. Alirudi nyumbani. Alivua shati jeupe akalitundika kwenye mlango wa banda, akachukua jembe na kuanza kuchimba nyuma ya nyumba. Hakula mchana. Jioni aligonga mwamba. Kesho yake akahamia mahali pengine, akagonga mwamba tena, na nilimsikia akiliambia lile jiwe maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia binadamu.

Katikati ya wiki walikuja akina mama watatu na makarai yao, wakaanza kusomba mawe kutoka kijitoni bila kuitwa. Mmoja wao alinijia pembeni, amejifunga kitenge kiunoni, macho yamejaa machozi.

"Dada, ni mimi niliyesalimia kwanza," alisema. "Nimeshindwa kulala. Kulikuwa na ukungu, nikaona kofia ya mzee, mdomo ukatangulia macho."

"Ulimsalimia mtu mzima. Ulitakiwa kusalimia."

"Ndiyo. Lakini aliitikia. Angenyamaza tu, tungepita. Kaitikia kwa heshima kabisa, kama yuko sebuleni." Akajifuta pua. "Baba yako ni mtu mwema."

Tulisomba mawe pamoja mpaka saa ya kupika. Hakuna siku niliyotamani watu wanicheke kama siku hiyo. Kucheka kungekuwa kwepesi kukubeba.

Shimo lilikuwa bado halijafunikwa mtamba alipoletwa. Watu walijaa, bwana mifugo akakagua bomba, akakagua majani, akainama akapapasa sakafu kwa kiganja. "Hii ni kazi," alisema kwa sauti ili wengine wajifunze. "Sakafu kama hii hata mtu angelala." Watu wakashangilia. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni, matope hadi magotini, na hakuinua uso. Mimi niliingia jikoni nikasingizia moto.

Choo kilikamilika kabla ya kiangazi, kuta za matofali, mlango wa mbao unaofungwa kwa ndani. Nikateremka ziwani na mtoto. Nilimkuta baba na mama ufukweni wanageuza usipa juu ya chanja, jua kali, mchanga unaunguza. Mama alinikumbatia akaanza kusimulia papo hapo.

"Baba yako amewasifu kwa kijiji kizima! Kasema maji yanakuja yenyewe kwa bomba. Kasema ng'ombe wenu atalala kwenye saruji. Kasema umemchinjia kuku, kala mpaka akashindwa kunyanyuka!"

Nilimtazama baba. Alikuwa anachambua samaki.

"Baba," nilianza, "ile Jumapili..."

"Hawa wa upande wako wameshakauka," alisema. "Wageuze kabla ndege hawajawaona."

Nikawageuza.

Mtamba alipozaa, mume wangu aliteremka mwenyewe kwenda kuomba radhi. Mkwe hawezi kumsemesha baba mkwe uso kwa uso jambo zito, kwa hiyo mjomba wangu alikaa katikati kama mjumbe. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya ukuta wa matete, tunasikia kila neno. Mume wangu alisema kwamba amekosa. Alisema alipanga mji kwa ajili ya mnyama akasahau binadamu. Sauti yake ilikatika, mjomba akamalizia.

Baba akasema:

"Mwambie mkwe wangu sina neno naye. Alikuwa amepoteza kazi, akaona njia ya kusimama tena, akaikimbilia. Mwanaume yeyote angefanya hivyo. Neno langu liko kwa mwanangu. Yule nilimsimamisha kusoma mbele ya kanisa angali mdogo, watu wazima wakimsikiliza. Hakuwa bubu. Alijua mji hauna choo, na alijua baba yake anakuja. Nilikaa kule nikimsubiri aseme. Angeniambia tu, baba, hatuna, nenda kwa jirani, ningekwenda nikicheka."

Mama aligeuka akanitazama. Alikuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Nilijifunika kanga uso mzima, kama watoto wanavyofanya wakidhani hawaonekani.

Baadaye baba aliniita tukala, na hakulirudia tena. Lilikuwa limekwisha kwake. Kwangu ndipo lilipoanza. Mume wangu alipotaka kuongeza mikaratusi kule kwenye chemchemi, nilimwambia hapana, itanywa maji yote, apande mahali pengine. Alipotaka kufuga nguruwe karibu na jikoni, nilimwambia hapana. Aliposema maji ya bomba yatosha kuishia bandani, nilimwambia hapana. Nilisema kwa ukali usiohitajika, hata akaniuliza nina nini. Aliposikia hapana ya tatu alivuta tawi la bomba, maji yakaingia jikoni, na banda la nguruwe likaenda bondeni. Hakuna aliyekufa kwa sababu nilisema.

Baba hakupanda tena. Kila mwaka tulimwalika, kila mwaka alisema magoti yanamsumbua, akatuma mbasa na salamu kwa ng'ombe. Alifariki bila kuona miparachichi ikizaa. Watoto wangu, ambao sasa ni watu wazima, huniuliza kwa nini babu wa ziwani hakuwa akija kuwaona nyumbani kwao, na wote walimpenda hivyo.

Nawaambia magoti.